Bustani Imegoma? Chimba Kwanza, Agroveti Baadaye

Mmea ukianza kunyauka Nairobi, safari ya kwanza huwa agroveti. Unamwonyesha muuzaji picha kwenye simu, anaikuza kwa vidole viwili, anatikisa kichwa, na unarudi nyumbani na chupa ya dawa ya wadudu pamoja na pakiti ya mbolea ya kupulizia majani. Mara nyingi hapakuwa na mdudu. Kulikuwa na simenti iliyofukiwa na mafundi, au maji yaliyotuama kwenye mizizi, au ghorofa la jirani lililoziba jua tangu mwezi wa tano. Dawa ya kivuli haiuzwi kwa chupa.

Kwa hiyo hapa mpangilio ni huu: jembe, kisha dalili, kisha maji, kisha jua. Dawa inakuja mwisho, na kwa shida chache tu. Unahitaji jembe la meno, ndoo ya lita 20, rula, na siku moja ya kukaa nyumbani kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kabla ya dalili yoyote: shimo moja

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kwenda chini sentimita 30, katikati ya mahali penye shida. Sikiliza jembe. Likilia ngaa! kabla ya kufika sentimita 15, umegonga mjengo: vipande vya mawe, kokoto, chokaa, na mchanganyiko wa simenti uliomwagwa siku ya mwisho ya kazi, ukafunikwa kwa udongo mwekundu kiasi cha kiganja, nyasi zikatandikwa juu kabla ya mwenye nyumba kupewa funguo. Kwenye nyumba mpya hili ni jambo la kawaida kuliko ugonjwa wowote wa mimea.

Jaza shimo maji, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena na upime kwa rula. Kipimo cha pili ndicho cha kuamini, kwa sababu udongo mkavu wenye nyufa humeza ndoo ya kwanza ukadhani mambo ni mazuri. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, udongo uko sawa. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, mizizi inazama kila mvua ikinyesha. Yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, usipande chochote hapo kabla ya kuinua kitalu.

Jibu la shimo linategemea sana upande wa mji ulioko. Magharibi na kaskazini, kuanzia Westlands na Kabete kwenda Kiambu, udongo ni mwekundu, una kina, na unapitisha maji vizuri. Mashariki na kusini, pande za Embakasi, South C, Syokimau hadi Kitengela, ni udongo mweusi wa pamba. Karen na Lang'ata unaweza kukutana na wote wawili. Ule mweusi hujitambulisha wenyewe: wakati wa mvua kiatu kinaota soli ya pili, na kufika Februari ardhi imepasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Nyufa hizo hukata mizizi midogo na kukausha ile inayobaki.

Kosa linalorudiwa kila mwaka kwenye udongo mweusi ni kumwaga mchanga ili "kuulegeza". Mchanga kidogo ndani ya udongo wa mfinyanzi hauulegezi. Unakuwa kitu cha kutengenezea matofali, na ili mchanga ufanye kazi ingebidi uwe mwingi kuliko udongo wenyewe. Inua kitalu badala yake. Weka ukingo wa mawe au mbao wa sentimita 35, legeza sakafu kwa jembe la meno bila kuupindua udongo, kisha jaza debe tatu za udongo mwekundu kwa debe moja ya samadi iliyooza au mboji. Kitalu cha mita 3 kwa mita 1.2 kitakula wilbaro 20 hivi. Jaza hadi pomoni, kwa kuwa kitashuka karibu moja ya tano baada ya mvua za kwanza.

Lori la udongo mwekundu likifika langoni, usiseme "mwaga" kabla ya kupanda juu na kuushika. Udongo wa juu una vijizizi, rangi yake inaelekea kahawia, na ukilowa unanukia. Udongo wa chini, ule unaotoka kwenye misingi ya maghorofa, ni mwekundu kama tofali, hauna harufu, na ukikauka unakatika vigae. Mwenye lori atakwambia yote ni sawa. Si sawa: huo wa pili utakula samadi yako miaka miwili kabla ya kuzaa ua la maana.

Majani yamegeuka manjano

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana manjano ni dalili ya shida tano tofauti. Swali la kwanza: manjano yameanzia wapi?

Yakianzia majani ya chini, yale ya zamani, na mmea mzima umepauka, mmea una njaa ya nitrojeni. Zungushia konzi mbili tatu za mboji, au mbolea ya nitrojeni ya CAN kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa mmea mdogo, sentimita 15 kutoka kwenye shina, kisha mwagilia. Lakini kwanza angalia kama ulitandaza maranda mabichi ya mbao na kuyachanganya na udongo. Vijidudu vinavyoozesha mbao hunyonya nitrojeni yote iliyopo, mimea ikabaki inatazama. Maranda yabaki juu ya udongo, yasifukiwe.

Yakianzia majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani kama ramani ya mito, mmea umekosa madini ya chuma. Chuma kipo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu udongo umekuwa na alkali nyingi. Gadenia, mawaridi, mlimau na hibiskasi hulalamika mapema. Rudi kwenye shimo: ukikuta vipande vya simenti au chokaa, umempata mkosaji. Chuma cha kupulizia kitarudisha rangi kwa wiki chache, halafu manjano yanarudi. Tiba ni kutoa takataka za mjengo kwenye duara la sentimita 60 kuzunguka mmea, kina sentimita 40, na kujaza udongo mzuri. Ni kazi ya sururu na gunia, nusu siku kwa mmea mmoja. Kama bustani nzima iko hivyo, pima udongo kabla ya kutumia pesa zaidi. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete hupokea sampuli. Chota sehemu kumi tofauti, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo. Mimea mingi ya bustani hupenda pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 5.5 na 7.

Mmea mzima ukiwa manjano, majani laini, udongo umelowa, mmea unazama. Na hapa kuna mtego: mmea unaokufa maji hunyauka sawasawa na ule unaokufa kiu. Mtu wa shamba anauona umelegea saa nane mchana, anauongezea ndoo. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili kabla ya kumwagilia. Ukiona bado unashuku, chimbua pembeni utazame mizizi: iliyo hai ni myeupe na migumu, iliyokufa ni ya kahawia, inateleza, na inanuka mtaro.

Kingo za majani zikiungua siku chache baada ya kuweka samadi, samadi ilikuwa mbichi. Kabla ya kuipokea, zamisha mkono ndani ya lundo. Ukisikia joto, au harufu inakupanda puani hadi machozi, iache mahali pakavu miezi miwili au mitatu, ukiigeuza kila wiki mbili. Ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe. Ukishachelewa, isombe yote uliyoweka juu, kisha mwaga lita 20 kwa kila mita mraba, subiri zinywewe, rudia.

Dalili ya tano ni ncha, na si manjano kamili: ncha za drasina, kodilaini na yale majani membamba ya kuning'inia yenye mistari myeupe zinakauka na kuwa kahawia, mwaka mzima, haijalishi unamwagilia vipi. Hayo ni maji. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na vingine vina chumvi ya sodiamu. Mimea ya jamii ya drasina hukusanya floridi kwenye ncha mpaka zikaungua. Kuchemsha maji hakusaidii. Floridi haitoki na mvuke, inabaki kwenye maji machache zaidi. Vyungu navyo hujionyesha kwa ukoko mweupe ukingoni.

Jibu ni maji ya mvua, na hesabu yake ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 50 likinyeshewa milimita 20, ukitoa kinachopotea, linakupa kama lita 800. Mvua mbili kubwa za Novemba zinajaza tangi la lita 1,000 na kumwaga. Acha dakika kumi za mwanzo ziende mtaroni, maana zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Maji hayo yawekee mimea inayolalamika; nyasi zipate ya kisima.

Nyasi zimeota upara

Tazama umbo la upara kabla ya kitu kingine.

Upara ulio chini ya mti au nyuma ya ukuta ni kivuli. Nyasi za Kikuyu, ambazo ndizo nyingi Nairobi, zinataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Chini ya hapo zinarefuka, zinapauka, zinakufa taratibu, na kila mwaka unanunua nyasi mpya za kufa. Nyasi za Pemba zinavumilia kivuli zaidi, ingawa hazipendi kukanyagwa sana. Chini ya mti wenye kivuli kizito, weka kokoto, mimea ya feni na benchi, na uachane na nyasi.

Upara wa nyasi zote kwa pamoja, wa rangi ya majani makavu, uliotokea ndani ya siku tatu baada ya kukatwa, ni kazi ya slasha. Nyasi za Kikuyu zina majani juu na vijiti chini. Ukizikata hadi udongoni unabakiza vijiti. Acha sentimita 4 hadi 5, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Zikishakuwa ndefu mno baada ya mvua za Aprili, shuka kwa awamu tatu, wiki moja kati ya kila awamu. Mwenye kukata atalalamika kwamba anaitwa mara nyingi; mlipe kwa mwezi badala ya kwa mkato, na hoja hiyo itakwisha.

Upara wa mabaka ya mviringo, huku ndege aina ya hadada wakija kila asubuhi kudonoa na kuacha vitundu kama vilivyotobolewa kwa penseli, ni funza weupe wanaokula mizizi. Hadada hasumbuki bure. Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30 pande tatu kwa kisu, kunja nyasi kama mkeka, hesabu. Utawaona wamejikunja kama herufi C, miili minene ya rangi ya maziwa, kichwa cha kahawia. Wakiwa chini ya watano, funika, mwagilia, waachie hadada kazi. Wakizidi kumi, nyasi zitakuwa zinanyofoka kwa mkono bila kung'ang'ania: okota, kwangua eneo lote, ongeza mboji, panda upya mvua zikianza. Watu wengi huwafukuza hadada kwa mawe na kuacha funza waendelee na chakula.

Vichuguu vya udongo laini, kimoja baada ya kingine kwa mstari, ni fuko. Dawa za kienyeji za kumwaga shimoni hazimfikii. Mwite mtegaji.

Na kama nyasi zimedhoofika tu kote, hazina umbo, ni maji. Kwenye kiangazi cha Januari na Februari nyasi zinahitaji kama milimita 20 kwa wiki. Kwa kipande cha mita mraba 30 hizo ni lita 600, yaani mitungi 30 ya lita 20. Kama mtaa wako una mgao wa maji na unanunua ya bauza, fanya hesabu hiyo kabla ya kulaumu mbolea. Nyasi za Kikuyu zikikauka kiangazi hazijafa. Zimelala, na huamka wiki mbili baada ya mvua. Hakuna aibu kuziacha zilale. Ukiwa na maji ya mara moja kwa wiki, mwaga yote siku moja yashuke chini. Kunyunyiza kidogo kila jioni huzoesha mizizi kukaa juu, na jua la kwanza linaimaliza. Mvua zikirudi, zipe CAN gramu 20 kwa mita mraba, vifuniko vinne vya soda, juu ya udongo uliolowa na majani makavu. Mbolea ya DAP haifai hapa. Fosforasi yake ni ya kupandia.

Desemba ilichanua, Juni imekataa

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, digrii moja na robo hivi, na jambo hilo linachanganya hata wabunifu wa bustani wenye vitabu vya Ulaya. Vitabu hivyo husema ukuta unaotazama kusini ndio wa jua. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha linahamia kusini hadi Machi tena. Kitalu kilichopandwa Desemba kwenye jua kali kinaweza kuwa kivulini Juni bila mtu kusogeza hata tofali.

Kivuli hicho kinapimika. Mwezi wa Juni, jua likiwa juu kabisa, mnamo saa sita u nusu, jengo la mita 12 lililo kaskazini mwako linatupa kivuli cha mita 5 na nusu. Ukuta wa mita 2.5 unatupa cha mita moja na ushee. Asubuhi na jioni ni zaidi. Tumia ile siku yako ya kukaa nyumbani: saa tatu asubuhi, saa sita u nusu na saa kumi jioni, chomeka vijiti kwenye ukingo wa kivuli. Ifanye mara moja Juni na mara moja Desemba. Mahali palipo na jua miezi yote miwili ni pa mawaridi, lavenda na rozimari. Penye jua Desemba tu, panda feni, agapantha, mnanaa na mimea ya majani.

Ongeza baridi. Juni hadi Agosti mawingu hukaa siku nzima na usiku hushuka hadi digrii 11 au 12. Udongo haukauki. Mwagilia nusu ya kawaida, na asubuhi, chini kwenye shina. Mawaridi yenye unga mweupe juu ya majani au madoa meusi yenye ukingo wa manjano katika miezi hii yana fangasi: okota majani yote yaliyoanguka, pogoa matawi ya katikati ili upepo upite, na usiweke mboji ya majani hayo. Mengi hupona Septemba yenyewe.

Bogenvilia ni kesi ya peke yake. Ikiwa na majani mazito ya kijani na hakuna ua hata moja, umeipenda kupita kiasi. Maji mengi, samadi nyingi, na mkasi kila wiki. Huchanua kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo anayeinyoa kila Jumamosi ili iwe duara anakata maua ambayo bado hayajatokea. Acha kumwagilia mpaka majani yaanze kulegea, nyima nitrojeni, weka mkasi chini miezi miwili.

Ua wa saiprasi unakauka vipande

Kuna sababu mbili na zinafanana ukiwa mbali. Sogea. Tenganisha matawi na utazame ndani, kwenye vijiti, si kwenye majani.

Ukiona vidukari vya kahawia vimejipanga kwenye kijiti, utomvu unaonata, masizi meusi, na sisimizi wakipanda na kushuka, ni kidukari wa saiprasi, mdudu wa kigeni aliyeingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuua nyua nyingi za nyanda za juu. Kata sehemu zilizoathirika, osha zilizobaki kwa maji ya nguvu, na pulizia maji ya sabuni, mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita, jioni, kwa kulowesha vijiti vya ndani.

Usipoona mdudu na kahawia iko pale tu mkasi ulipoingia ndani, kosa ni la mkata. Saiprasi haichipui kwenye mti mzee usio na majani. Ukipita kijani umeacha kidonda cha kudumu. Hakuna tiba, panda kitu mbele ya pengo. Kwa ua mpya, kayaba au duranta husamehe mkasi, na kayaba kwa miiba yake inamzuia hata mbuzi.

Kanuni ya sisimizi inafaa kwa mimea yote. Wakipanda shina kwa msafara, juu kuna mdudu anayetoa utomvu mtamu: vidukari, wadudu magamba, au wale weupe kama vipande vya pamba. Sabuni hiyohiyo, mara tatu, siku tano kati. Mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita pamoja na tone la sabuni yanafaa kwa wanaojirudia. Jaribu kwenye jani moja, subiri siku moja. Ukilazimika kununua kitu kikali, kiwe kwenye chupa yake yenye lebo na namba ya usajili wa bodi ya dawa za wadudu. Kilichopimwa kwenye chupa ya soda, kataa.

Vyungu vya roshani vinakauka asubuhi hadi asubuhi

Maji yakipita moja kwa moja na kutokea chini ndani ya sekunde chache, udongo umekauka hadi ukajitenga na ukuta wa chungu, na maji yanashukia pembeni. Zamisha chungu chote kwenye beseni nusu saa mpaka viputo viishe. Yakikataa kupita kabisa, tundu limezibwa na mizizi. Toa mmea, kata theluthi ya chini ya mizizi iliyojizungusha, weka udongo mpya: sehemu mbili udongo mwekundu, moja mboji, moja mchanga mkavu wa mto. Kokoto chini ya chungu hazisaidii maji kutoka. Zinapunguza tu nafasi ya mizizi.

Pima uzito kabla ya kununua vyungu vikubwa. Chungu cha lita 50 kikilowa kinaweza kufika kilo 80. Vipange kwenye kona na kando ya kuta, si katikati ya sakafu ya roshani, na uliza mwenye nyumba.

Maji ya kutulia yamekuwa shida

Kidimbwi cha kijani kama supu ya mchicha kina jua jingi na chakula kingi. Funika nusu ya uso kwa mimea ya majini, punguza kulisha samaki, na zoa maua ya jakaranda kila siku kuanzia Septemba hadi Novemba kabla hayajazama. Mbu hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo sahani za vyungu zimwagwe kila wiki, na kidimbwi kiwe na samaki wadogo wa gapi, ambao hula viluwiluwi vya mbu bila kuombwa. Pampu ikinguruma bila kutoa maji, ni jani kwenye kichujio. Ikiwa haingurumi, angalia umeme, na kama laini yake haina swichi ya kukata umeme unapovuja, mwite fundi kabla ya kuingiza mkono.

Bustani nzuri, hakuna anayekaa

Kila kitu kimechanua, na viti vimejaa vumbi. Hii nayo ni hitilafu, na ina sababu zake.

Mara nyingi kiti kiko katikati ya nyasi. Mtu hatulii akiwa na uwazi mgongoni. Sogeza kiti hadi mgongo wake uguse ua au ukuta, na uso uelekee pengo refu zaidi la bustani. Kisha jaribu kwa chai: saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Miezi ya baridi unataka jua la asubuhi magotini. Februari unataka kivuli cha jioni. Mahali pamoja panapotoa vyote kwa kawaida ni upande wa magharibi wa bustani, wenye mti au ukuta nyuma yake. Viti vinne na meza vinahitaji sakafu ngumu ya mita 2.5 kwa 2.5. Kabro zisiwe nyeupe; saa nane mchana zinaumiza macho.

Madirisha ya ghorofa la jirani hayazibwi na ua. Ili kuziba dirisha la ghorofa ya tatu kwa ua ulio mbali na wewe, ua huo ungehitaji kuwa mrefu kama nyumba. Pandisha fremu ya mbao ya mita 2.4 juu ya kiti chenyewe, tambazisha mtambaa, na dirisha litatoweka. Kifuniko kilicho karibu na jicho kinaziba anga kubwa. Ukitaka mti, nenda Arboretum, bustani ya miti ya mji, ukautazame ukiwa mzima kabla ya kununua mche wa futi tatu kitaluni. Ile mikuyu ya mapambo yenye majani yanayong'aa inauzwa ikiwa mifupi kama mtoto wa nasari. Mizizi yake inanyanyua kabro na kuingia kwenye mabomba, na mita 2 kutoka ukutani hazitoshi kamwe.

Kelele za matatu nazo hazizuiwi na majani. Ua mwembamba hupunguza kidogo sana. Ukuta usio na pengo hupunguza zaidi, na lango la vyuma vya wazi linarudisha yote. Kinachosaidia ni maji yanayoanguka karibu na kiti, mita moja au mbili, kutoka kimo cha sentimita 20 hadi 30. Yakianguka kutoka juu zaidi, yanakuwa kelele ya pili.

Kama watu hukaa mchana na kukimbia usiku, tazama taa. Taa nyeupe kali juu ya meza huita kila chenye mabawa, na baada ya mvua nyingi huita mdudu mwembamba wa vipande vyekundu na vyeusi ambaye mji huu umempa jina lake. Haumi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na akipondwa juu ya ngozi malengelenge hutokea siku moja au mbili baadaye. Mpulize aruke, usimpige kofi. Ukishamponda, osha kwa sabuni mara moja na usiguse macho. Halafu badilisha taa: ya rangi ya manjano, iliyoinama chini, kimo cha goti, mita tatu kutoka kwenye viti.